Askari Wafunzwao Kifuani

Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, Mwenyezi Mungu ameweka tezi iitwayo thaimasi. Waganga wengi waliidhani haina kazi. Nasi hatushangai, kwani mwanadamu ni mwepesi wa kuita bure asichokijua. Mwaka 1961, huko London, Jacques Miller alionyesha kwamba vipanya walioondolewa tezi hiyo mara baada ya kuzaliwa walidhoofika na kushindwa na maradhi. Humo ndimo zifunzwamo seli T, askari wa mwili. Nyingi hufia humo humo, zikiwamo zile zielekeazo kuushambulia mwili wenyewe. Zitokazo, baadhi huua seli zilizoingiwa na virusi, na baadhi huwaita askari wengine vitani. Hizo ziitazo ndizo zivamiwazo na virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana mgonjwa tunayemficha nyumbani kwa aibu, asipate dawa, huangushwa na maradhi ambayo kwetu sisi ni madogo.