Chembe Sahani za Mzazi Zihesabiwe

Mjamzito wa Balangdalalu, wilayani Hanang, akifika kliniki hupimwa presha, mkojo na wingi wa damu. Majibu yakiwa mazuri, hurudi nyumbani ameridhika. Lakini kipimo cha wingi wa damu hakihesabu chembe sahani, zile zinazoziba mshipa uliochanika. Mama anaweza kuwa na damu 12 na chembe sahani 40,000 tu, akaingia leba pasipo yeyote kujua.

Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa maikrolita moja. Wajawazito wengine hupungukiwa kidogo miezi ya mwisho, bila madhara, na hesabu hurudi kawaida baada ya kujifungua. Zikiwa chini ya 100,000 huku presha imepanda, hicho ni kifafa cha mimba kikali, na mama hasubirishwi. Zikipungua mimba ingali changa, itafutwe malaria, VVU, au kinga ya mwili inayoziharibu chembe hizo. Bila tarehe na hesabu ya awali kwenye kadi, daktari atazitenganishaje hali hizi?

Maabara nayo ina wajibu. Ndani ya kichupa cha kifuniko cha zambarau, chembe za baadhi ya watu hushikamana, mashine ikatoa hesabu pungufu. Tone la damu litandazwe kwenye kioo, litiwe rangi, litazamwe kwa darubini. Kuandika namba ya mashine na kufunga daftari ni uzembe.

Tunasisitiza zaidi siku za baada ya kujifungua, maana hapo ndipo watu hulegea. Kifafa cha mimba kinachoshusha chembe sahani na kuumiza ini huweza kuanza baada ya mtoto kuzaliwa, hasa saa 48 za kwanza. Mzazi anayelalamikia kichwa, ukungu machoni au maumivu chini ya mbavu za kulia asipewe panadoli na kuruhusiwa. Apimwe presha, damu itolewe, gari la m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na wazazi, liitwe kwa simu 115, iwe ni kwenda hospitali Katesh au kuvuka hadi Haydom.

Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Ni kazi kubwa, na haimpi mtu yeyote ruhusa ya kupumzika. Halmashauri ya Hanang iwatangazie wananchi: sampuli ya Balangdalalu inahesabiwa wapi, inapelekwa na nani, na majibu yanarudi baada ya saa ngapi?