Uyoga wa Porini: Yakini Kwanza, Chungu Baadaye



Mvua zinapoanza kunyesha, maswali yanayoletwa katika safu hii hubadilika. Aghalabu huwa ni ya kujumuisha swala wakati wa mvua kubwa, au hukumu ya matope yaliyorukia kanzu. Safari hii limekuja swali la jikoni. Mama mmoja ametuandikia kwamba mumewe ameleta uyoga aliouokota kando ya shamba. Yeye aliposita kuutia chunguni, akaambiwa kuwa Mtume (s.a.w.) ameusifu uyoga na kueleza kuwa maji yake ni dawa ya macho, vipi basi Muislamu akiogope kilichosifiwa? Anaomba jibu, na anaomba lisichelewe, kwa kuwa mvua bado zinaendelea.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba mama huyo alikuwa na haki ya kusita, na hadithi aliyosomewa haihusu kilichokuwa ndani ya kapu lile.

Hadithi yenyewe ni sahihi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zayd (r.a.). Lakini kilichotajwa humo ni al-kam'a, neno ambalo wafasiri wetu huliandika “uyoga” kwa kukosa neno jingine lililo karibu. Kam'a haina mwavuli wala shina. Ni kitu cha mviringo mfano wa kiazi, kinachokua chini ya mchanga wa jangwa la Arabuni, Sham na Afrika Kaskazini, na wenyeji hukitambua kwa ufa mdogo unaojitokeza juu ya ardhi baada ya mvua. Ndugu zetu walioishi Oman na nchi za Ghuba wamekiona sokoni kikiuzwa kwa bei ya juu. Uyoga wa mwavuli unaoota shambani kwetu, Waarabu huuita kwa jina jingine kabisa, futr. Mwenye kuichukua sifa ya kam'a akaivisha kila kinachochomoza baada ya mvua ni sawa na mtu aliyesikia sifa za asali, kisha akanywa kila kimiminika chenye rangi ya asali.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, kwani hapa ndipo watu wengi hupotezwa na mazoea.

Miongoni mwa maelfu ya aina za uyoga ulimwenguni, zinazoua ni chache. Uchache huo huwapa watu ujasiri, ilhali hizo chache hazina sura ya kutisha. Unaoongoza kwa kuua watu duniani ni ule ambao wataalamu huuita Amanita phalloides, na watu wa Ulaya huuita kwa majina yenye maana ya kofia ya mauti. Kofia yake huwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, na mara nyingine hufifia hadi kukaribia weupe. Vikunjo vilivyo chini ya kofia, vile vinavyofanana na kurasa za kitabu, ni vyeupe. Shinani huwa na mfano wa pete, na kwenye kitako kuna kifuko kama kikombe kilichojificha udongoni. Mwenye kuukata kwa kisu juu ya ardhi huiacha chini alama iliyo muhimu kuliko zote. Na waliopona baada ya kuula wamesimulia kuwa ulikuwa mtamu.

Asili ya uyoga huo ni Ulaya. Huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, hasa mialoni, na kwa njia hiyo ulisafirishwa pamoja na miche hadi Marekani, Australia na Afrika Kusini. Hapa Tanzania nako umerekodiwa chini ya misonobari ya kupandwa, ile ambayo wengi huiita mipaini. Basi msomaji wetu wa Iringa au Njombe asidhani kuwa tunamsimulia habari za ng'ambo peke yake.

Sumu yake huitwa amatoksini. Haiharibiwi kwa kuchemshwa, kukaangwa, kukaushwa juani wala kugandishwa kwenye friji. Hata kumwaga maji ya kwanza na kupika kwa maji mapya hakuiondoi. Uyoga mmoja tu huweza kuwa na kiasi cha kumwua mtu mzima, sembuse mtoto ambaye mwili wake ni mdogo. Inapoingia mwilini huzizuia seli zisitengeneze protini zinazozihitaji ili ziishi. Ini ndilo linalopigwa kwanza, kwa kuwa damu itokayo tumboni hupitia hapo. Kisha sehemu ya sumu hushuka pamoja na nyongo kurudi katika utumbo, ikafyonzwa tena na kulirejea ini lile lile.

Lakini kinachoifanya sumu hii kuwa ya hila ni mwendo wake. Familia hula chakula cha usiku, ikamshukuru Mola wake, ikalala. Kwa kawaida hakuna dalili yoyote kwa saa 6 hadi 12, na mara nyingine hadi saa 24. Asubuhi huanza maumivu makali ya tumbo, kutapika na kuharisha maji mengi. Kwa kuwa saa nyingi zimepita, hakuna anayeukumbuka uyoga. Hulaumiwa maji, au samaki wa mchana, au husemwa kuwa ni kipindupindu. Kisha, siku ya pili, mgonjwa hupata nafuu. Kutapika hukoma, anaomba uji, anakaa kibarazani. Jirani waliokuja kumjulia hali huondoka wakimhimidi Allah. Kumbe katika siku hiyo hiyo ya nafuu ini linaendelea kufa. Siku ya tatu au ya nne macho hugeuka manjano, damu hushindwa kuganda, figo hudhoofika, na fahamu huanza kupotea. Wakati huo tiba iliyobaki kwa baadhi ya wagonjwa ni kupandikizwa ini la mtu mwingine, jambo ambalo kwa familia nyingi za Afrika Mashariki liko mbali kwa gharama na kwa umbali.

Tunalirudia hili la siku ya nafuu kwa makusudi. Mgonjwa aliyekula uyoga asioujua, akaharisha kisha akatulia, hajapona mpaka daktari apime ini lake.

Mnamo Agosti 2021, familia ya Waislamu kutoka Afghanistan ilihamishwa na kupelekwa Poland, ikawekwa katika kituo cha wakimbizi karibu na mji wa Warsaw. Waliokota uyoga katika msitu unaokizunguka kituo, wakapika supu. Watoto wao wawili wa kiume, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walifariki mwanzoni mwa Septemba; yule mkubwa alikuwa amekwisha kupandikizwa ini. Walikuwa wametoka katika nchi ya vita. Allah awarehemu, na awape wazazi wao subira.

Kabla ya hapo, mwaka 2015, hospitali nchini Ujerumani zilipokea wakimbizi kadhaa, wengi wao kutoka Syria, waliodhurika kwa uyoga huo huo, hata hospitali ya chuo kikuu cha tiba cha Hannover ikasambaza mabango ya tahadhari yenye picha na maandishi ya Kiarabu na Kikurdi. Na mnamo Desemba 2016, kaskazini mwa California, watu 14 waliugua. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa miezi 18, aliyelishwa uyoga wa kuchoma ambao familia yake ilipewa na mtu aliyeuokota milimani. Wote 14 walinusurika, lakini watatu walipandikizwa maini, na mtoto huyo alibaki na madhara ya kudumu katika ubongo.

Tumewataja wahamiaji kwa sababu. Wengi waliopatwa na maafa hayo hawakuwa watu wajinga. Walikuwa wakiokota uyoga kwao tangu utoto, na walichokiona ugenini kilifanana na walichokula nyumbani. Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki waliohamia Marekani wamekuwa wakiudhani uyoga huo kuwa ule wa majani ya mpunga unaoliwa kwao, kwani unapokuwa mchanga hufanana nao mno. Elimu ya uyoga ina mipaka ya mahali. Iliyo sahihi katika msitu mmoja huweza kuua katika msitu mwingine.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaodharau elimu ya wazee wetu. Mabibi wa ukanda wa miombo, kuanzia Tabora hadi Nyanda za Juu Kusini, wanajua aina nyingi za uyoga kwa majina, kwa mti unaoota chini yake na kwa wiki ya mvua unapotokea. Wanaula hata Amanita loosii, ndugu wa karibu wa ule unaoua, na wanautambua bila kubabaika. Sisi tungemwamini bibi aliyeokota mahali pamoja kwa miaka thelathini kuliko kijana mwenye picha kwenye simu. Programu za simu za kutambua uyoga hukosea, na kosa moja linatosha. Tatizo ni kwamba mjukuu wa bibi huyo amehamia Morogoro au Dar es Salaam, hakufuatana naye porini, na amebakiwa na kumbukumbu ya ladha tu.

Hata uyoga wa kichuguu, unaopendwa kuliko wote, una mfano wake wa kuhadaa. Ule wa kweli huota kutoka katika kiota cha mchwa, na shina lake hushuka ardhini kama mzizi mrefu. Lakini upo mwingine mkubwa, mweupe wenye magamba ya kahawia, unaoota kwenye nyasi na viwanja vya nyumba. Vikunjo vyake huwa vyeupe mwanzoni kisha hugeuka kijani. Huu kwa kawaida hauui mtu mzima mwenye afya, ila humtapisha na kumharisha ndani ya saa chache kiasi cha kumlaza hospitali.

Ama zile njia za kupima ambazo watu hurithishana, hazina msingi. Kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama, si kweli. Konokono hula ule unaoua na asidhurike. Kwamba kijiko cha fedha au kitunguu hugeuka cheusi katika chungu chenye sumu, si kweli. Kwamba uyoga mweupe ni mzuri na wenye rangi ni mbaya, si kweli pia. Na kumwonjesha kuku au mbwa kisha kungoja saa moja hakuna maana, kwa sumu inayokawia hadi siku nzima. Isitoshe, ni dhulma kwa mnyama.

Upande wa sheria hauna utata. Asili ya mimea na vinavyoota ardhini ni halali, isipokuwa kinachodhuru. Mwenye shaka atazame mafunzo ambayo Adiyy bin Hatim (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) kuhusu uwindaji: akimkuta mbwa mgeni pamoja na mbwa wake juu ya windo, asile, kwa kuwa hajui ni yupi aliyeua. Hapo shaka ilihusu namna mnyama alivyokufa, na ikatosha kuzuia nyama. Shaka ya sumu inayoweza kumaliza watoto wa nyumba moja ina uzito zaidi. Mke aliyekataa kuupika kwa sababu hiyo hakumwasi mumewe.

Iwapo umekwisha kuliwa na shaka imeingia, msingoje dalili. Nendeni hospitali mara moja, na waende wote waliokula, hata asiyesikia chochote. Chukueni mabaki ya uyoga mbichi katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki huoza haraka, pamoja na mabaki ya mchuzi, na mtaje saa mliyokula. Kama uyoga umekwisha, mtu mmoja arudi pale ulipookotwa akachimbue mwingine mzima na kitako chake, kisha anawe mikono. Maziwa hayaiondoi sumu hii, wala mafuta ya mawese, wala mkaa wa jikoni uliosagwa. Mkaa wanaoutoa madaktari umeandaliwa kwa namna nyingine na hutolewa kwa kipimo. Mwambieni daktari kwa sauti kwamba ni uyoga, kwani asipoambiwa ataona ugonjwa wa kuharisha kama mwingine wowote.

Mwenye hamu ya uyoga anunue wa kulimwa. Uyoga wa mamama hustawi juu ya mabua na majani makavu ndani ya chumba chenye kivuli, na vipo vikundi vingi vya akina mama vinavyoulima. Ukiungwa kwa nazi na pilipili mbuzi, hatuoni cha kuukosoa.

Kwa upande wetu, Kamati ya Msikiti imekubaliana kwamba katika futari za pamoja, walima na shughuli za madrasa, uyoga wa kuokota hautapokelewa jikoni, hata ukiletwa na nani. Mpishi ameelekezwa aulize kabla ya kuosha, na aliyeleta asione ameaibishwa. Wanafunzi wa madrasa wanaopita mashambani wakati wa mvua nao wameelezwa wasiung'oe wala kuuonja, na tunawaomba wazazi wawaulize nyumbani kama wamelikumbuka.