MIAKA YA WODI NAYO IHESABIWE

Ndugu Wafanyakazi,

Huko Marekani mwenye digrii ya historia au biashara aweza kupata digrii ya uuguzi kwa miezi 11 hadi 18, kwa kuwa masomo yake ya kwanza huhesabiwa. Kisha hufanya mtihani wa leseni ule ule wa wenzake wote. Hatuna ugomvi na jambo hilo.

Twauliza hivi: ikiwa historia yahesabiwa, mbona miaka 20 ya muuguzi wa cheti, aliyezalisha akina mama usiku kwa taa ya mafuta, isihesabiwe anapotaka kupanda?

Tusikubali kusoma kwa deni ili mwajiri avune. Twadai miaka ya wodi ihesabiwe, karo ilipwe na mwajiri, na mshahara uendelee wakati wa masomo.

Njooni mkutanoni. Umoja ni nguvu!