Simba Mwenda Pole na Fomu ya Maswali 40

Jumatatu, ndani ya daladala tulimobanana kama dagaa, mchambuzi wa redio alitoa hukumu. Straika mmoja kijana alikuwa amekosa penalti, na mchambuzi, ambaye tangu akabidhiwe maiki hajawahi kuwa na shaka na lolote, akasema tatizo si mguu, ni haiba: yule kijana ni flegmatiki, na flegmatiki hafungi. Konda akaitikia, "Kweli kabisa!" Nilitaka kushuka, ila kituo kilikuwa bado mbali.

Ningeyameza, lakini neno hilo limeshatuumiza nyumbani. Mpwa wangu ana miaka 13, ni winga, na mtaani kwao mabeki wanamjua. Alipelekwa kwenye kituo kimoja cha kukuza vipaji, nami nikamsindikiza. Badala ya mpira akapewa kalamu na fomu ya maswali 40. Je, unapenda sherehe? Je, unapata marafiki upesi? Ukikasirika unafanya nini? Hapo mtoto akaandika neno moja: nanyamaza. Nusu saa baadaye tukaambiwa ni flegmatiki, mpole mno kwa nafasi za mbele. Njumu alizoazima zilirudi kwa mwenyewe zikiwa safi kama zilivyotoka. Njiani akaniuliza, "Mjomba, flegmatiki ni ugonjwa?"

Nikamjibu ukweli: ni makohozi. Wagiriki wa kale waliamini mwili una maji ya aina nne, yaani damu, makohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na kwamba yanayozidi ndiyo yanayompa mtu hulka yake. Matabibu waliishika imani hiyo karne na karne, kisha wakaitupa. Leo ukienda hospitali hakuna atakayekupima nyongo nyeusi. Ila kwenye semina za ndoa, semina za ujasiriamali na sasa viwanja vya mpira, makohozi bado yanapanga kikosi.

Mtaniambia hayo ni ya kale, siku hizi kuna sayansi. Ipo, na ilishajaribu. Miaka ya 1960 kule Marekani, Bruce Ogilvie na Thomas Tutko walitunga mtihani wa kupima haiba ya mwanamichezo. Timu kubwa ziliutumia, na makocha walifurahi kama waliopata ramani ya hazina. Wanasaikolojia wenzao walipoukagua, wakaukosoa vikali: ahadi zilikuwa kubwa, ushahidi mwembamba. Na mwaka 1968 Walter Mischel akaandika kitabu kilichowaharibia sherehe wapima haiba wote. Alionyesha kwamba uhusiano kati ya alama za mtihani wa haiba na kile mtu anachokitenda kweli ni nadra kuvuka 0.30. Piga hesabu: hiyo inaeleza chini ya asilimia 10 ya tofauti baina ya watu. Asilimia zaidi ya 90 ziko kwingine: mazoezi, afya, kocha, mpinzani, mahali. Mtu yule yule, mahali pengine, ni mtu mwingine.

Nitalirudia mpaka konda asikie. Björn Borg, aliyetwaa Wimbledon mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, aliitwa barafu kwa utulivu wake. Utotoni alikuwa akitupa raketi kwa hasira mpaka klabu yake ikamfungia. Mtu yule yule! Angejazishwa fomu siku ile ya raketi, tungeandikiwa nini? Na aliyemvua taji mwaka 1981 ni John McEnroe, bingwa wa kugombana na waamuzi. Barafu na moto, kombe lile lile.

Chukua N'Golo Kanté. Wenzake walisimulia kwamba Ufaransa iliposhinda Kombe la Dunia 2018 aliona haya hata kuomba kulishika kombe. Miaka miwili kabla alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester, na 2021 alikuwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Mabingwa. Chukua Eliud Kipchoge, anayezungumza kwa upole kama mzee wa kanisa. Oktoba 2019 kule Vienna alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40. Mwaka uliofuata, London, akawa wa nane, akasema sikio lilimziba. Haiba ilihama? Mtu yule yule, sikio jingine.

Wahenga walishasema: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Naitaja methali hii kwa uchungu, maana mimi ni Mwananchi wa Jangwani, shabiki wa Yanga, na kumsifu simba wa aina yoyote kunanichefua, lakini haki ni haki.

Najua nitajibiwa nini: "Mbona Ronaldo ana majigambo na amefanikiwa?" Sawa. Na kijiweni kwetu kuna fundi baiskeli ana majigambo kuliko Ronaldo, hata timu ya mtaa haijamwita. Hoja ya namna hii ni sawa na kumwona sheikh amevaa kofia, kisha ukaenda kununua kofia ili uswalishe.

Haiba inapendwa kwa sababu ni bei rahisi. Fomu hutolewa fotokopi. Nyasi hazitolewi fotokopi. Ukimwambia mtoto "hulka yako haifai," hakuna atakayekuuliza mbona uwanja una mashimo, mbona mpira ni mmoja kwa watoto 30. Redio nayo haina haja ya kuuliza: hukumu ya straika ilipokwisha, likafuata tangazo la kubeti.

Nilishuka, nikapita uwanja wa mtaani. Mpwa wangu alikuwa katikati ya vumbi akimfokea beki wake kwa kutopanda, sauti inafika mpaka kwa muuza chipsi. Akaniona. Akanyamaza, akaja mbio, macho chini, sauti ya kunong'ona: "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mnaongoza?"

Akatikisa kichwa kukataa, akageuka, akarudi kufoka.