NGOZI YETU YAOZA, TWAVAA NGOZI YA WATU

Yeyote aliyepata kufika Litembo, Wilaya ya Mbinga, katika mwezi wa Juni au Julai, ajua ya kuwa baridi ya milima ya Umatengo si ya kufanyiwa mzaha. Asubuhi ukungu hulala juu ya mibuni na juu ya ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo wameyalima kwa vizazi vingi ili mvua isichukue udongo wa miteremko. Majira hayo ndiyo ya kuchuma kahawa. Na fedha ya kahawa ikisha kuingia mifukoni, koti la ngozi halikosi mnunuzi. Dereva wa pikipiki hulitaka kwa sababu ya upepo wa barabarani. Kijana mwingine hulitaka kwa sababu ni fahari. Hatuna ugomvi na yeyote kati yao. Mtu kujikinga na baridi ni haki yake, na kupenda kupendeza si kosa.

Jambo tunalotaka kulitafakari leo ni jingine. Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu katika nchi yetu ng'ombe zaidi ya milioni 33, mbali na mamilioni ya mbuzi na kondoo. Je, yawaje basi nchi yenye ngozi nyingi namna hiyo ingoje koti la ngozi litoke katika belo la mitumba?

Yafaa kwanza tukijue tunachokinunua. Makoti mengi yauzwayo leo husifiwa kuwa ni ya mtindo wa kale. Mtindo huo una wazazi wawili walio mashuhuri. Wa kwanza ni koti la wapanda pikipiki, ambalo Irving Schott wa New York alilibuni mwaka 1928 na kuliita Perfecto. Koti la namna hiyo lilivuma duniani baada ya Marlon Brando kuonekana amelivaa katika filamu ya mwaka 1953. Wa pili ni koti la marubani wa jeshi la Marekani, liitwalo A-2, lililokubaliwa rasmi mwaka 1931.

Mikato ya makoti hayo haikuwa mapambo tu. Zipu ya Perfecto imekwenda mshazari ili pande mbili za koti zipandane na upepo usipenye kifuani. A-2 lina ukosi wa kubanwa kwa vifungo usipigwe na upepo, mifuko miwili iliyobandikwa mbele, isiyo na tundu la kuingizia mikono ubavuni, na mgongo uliokatwa kipande kimoja bila mshono. Mengi ya yale ya asili yalishonwa kwa ngozi ya farasi, na mengine kwa ngozi ya mbuzi.

Hivyo neno 'asili' lina maana mbili hapa, na wafanyabiashara wasio waaminifu hupenda kuzichanganya. Kuna asili ya mkato, na kuna asili ya ngozi. Koti laweza kuwa na mkato wa kweli na ngozi ya uongo. Mnunuzi akaangalia zipu na ukosi, akasahau kuangalia kilichoshonwa. Kibandiko cha shingoni chenye kudai 'ngozi halisi' hakitoshi kuwa ushahidi. Hata tabaka la ndani, lile libakialo baada ya uso wa ngozi kutengwa, hupakwa rangi nzito likauzwa kwa jina hilo. Zipo pia taka za ngozi zilizosagwa na kugandishwa kwa gundi, na ipo plastiki tupu juu ya kitambaa. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazobambuka magamba mabegani na viwikoni, na mwenye koti akabaki kama kuku aliyenyonyolewa nusu.

Mnunuzi na atazame ukingo uliokatwa: ngozi huonyesha nyuzi zilizosokotana, bali plastiki huonyesha tabaka laini na kitambaa chini yake. Atazame vitundu vya vinyweleo: vya mnyama havilingani, vya mashine hujirudia sawasawa kama chapa. Ageuze upande wa ndani pale bitana ilipoachia. Wako wapimao kwa kiberiti, lakini hao huharibu mali ya mwuzaji kabla ya kuilipia.

Sasa na tuurudie ule mgongo wa kipande kimoja, kwa kuwa ndani yake mna somo kubwa kwa wafugaji wetu. Koti moja la mwanamume hula ngozi yapata futi za mraba 40 hadi 50. Ng'ombe wetu wa asili ni mdogo, na ngozi yake hutoa kama nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo koti moja lataka ng'ombe wawili. Lakini hata wakiwapo wawili, fundi hutafuta kwanza mahali pasipo kovu pa kukatia mgongo. Atapapata wapi? Ubavuni kuna chapa ya moto, mgongoni kuna alama za fimbo na miiba, chini ya tumbo kupe wametoboa, na pembeni kisu cha mchinjaji kimeacha michoro. Aliyebaki na vipande vidogo hukata koti la viraka vingi. Ndiyo sababu mkato wa koti ni kama kitabu: ajuaye kuusoma hutambua maisha ya mnyama aliyetoa ngozi ile.

Kisha huja uharibifu wa baada ya kuchinja. Ngozi mbichi huanza kuoza baada ya saa chache tu. Yataka kuwekwa chumvi upesi, au kutandazwa katika fremu kivulini ipate hewa pande zote. Ikitupwa juani chini, juu hukauka na katikati huoza; kasoro hiyo haionekani hadi ngozi itumbukizwe katika maji ya kiwanda, ambapo huchanika kama karatasi. Mwenye kiwanda aliyepata hasara mara mbili hushusha bei kwa wote, wema na wabaya. Na bei ya ngozi ilipoanguka katika soko la dunia tangu mwaka 2015 hivi, ngozi nyingi nchini zilikosa mnunuzi kabisa, zikatupwa.

Wako watakaosema: dawa ni viwanda vikubwa. Nasi twavitaka viwanda; lakini historia yetu yatuonya. Nchi hii ilikuwa na viwanda vya ngozi Mwanza, Moshi na Morogoro, vikauzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, na havikuleta tulichokitarajia. Kabla ya hapo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilijengwa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichokusudiwa kutosheleza nchi nzima na kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Hakikupata kutumia zaidi ya asilimia 5 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Mashine zilikuwapo, kilichokosekana ni ngozi njema, vipuri, ufundi na soko. Tulianza kujenga nyumba kwa paa. Kiwanda cha Karanga, Moshi, ambacho Jeshi la Magereza liliungana na mfuko wa PSSSF kukijenga upya na kikazinduliwa mwaka 2020, kitafaulu au kitashindwa kwa jambo lile lile: ubora wa ngozi itokayo machinjioni.

Wengine watasema: mitumba ipigwe marufuku. Jambo hilo nalo limekwisha jaribiwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo na viatu vya mitumba kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, nafasi ya kuuza bidhaa kule bila ushuru ikatiwa mashakani, na nchi zikalegea moja baada ya nyingine. Rwanda peke yake ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Nasi hatuoni haki kumnyang'anya mwananchi wa mlimani koti la bei anayoimudu kabla hatujamwekea jingine mkononi. Wala ushuru peke yake hautoshi. Tangu mwaka 2003 Serikali imetoza ushuru kwa ngozi ghafi ziendazo nje, ili zibaki nyumbani zisindikwe. Lakini ngozi iliyokatazwa kutoka na isiyo na wa kuisindika hubaki jalalani.

Twaona, basi, kazi ianzie chini. Mfugaji apige chapa mguuni badala ya ubavuni, au afadhali atumie hereni za utambulisho ambazo Serikali imezianzisha. Mchinjaji alipwe kwa daraja la ngozi, kama mkulima wa kahawa alipwavyo kwa daraja la kahawa. Sheria ya Biashara ya Ngozi ya mwaka 2008 ipo, inataka wasimamizi. Mkulima wa Mbinga hahitaji kufundishwa maana ya daraja, kwani ajua buni moja mbovu hufanya nini katika gunia.

Tena, nyanda zetu za kusini zina hazina iliyosahauliwa. Njombe, kampuni ya TANWAT imepanda miwati tangu mwaka 1949, na gome la miwati hutoa dawa ya kudabaghi ngozi ambayo dunia nzima yaijua. Ngozi ya miwati huchukua majuma, pengine miezi, ambapo ile ya madini ya kromu hukamilika kwa siku chache. Lakini hutoka nene na imara, yenye kufaa mikanda, makubazi na mabegi. Hapo ndipo vikundi vya vijana vingeanzia, chini ya ushirika, kabla ya kuthubutu koti. Mafunzo ya teknolojia ya ngozi yanatolewa Mwanza, katika kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Halmashauri ingeweza kupeleka vijana wake wachache. Sharti moja tu: maji machafu yasimwagwe mtoni, kwa maana maji ya milima hii hushuka hadi Ziwa Nyasa na Mto Ruvuma, nako kuna watu wanywao na wavuao samaki.

Wahenga walisema, ngozi ivute ingali maji. Ngozi ya leo ikikauka vibaya, hakuna waziri wala mashine itakayoilainisha kesho. Kijana wa Litembo na avae koti lake la mtumba bila aibu msimu huu. Lakini viongozi wa ushirika, wa halmashauri na wa machinjio na waone aibu kwa niaba yake, kila ngozi njema itupwapo jalalani.