Neno la Mhariri: Risala Haitoshi

Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, viti vya plastiki hupangwa uwanjani, meza kuu hufunikwa kitambaa, na mtoto mwenye sauti nzuri huitwa mbele kusoma risala. "Ndugu mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo." Inafuata orodha: madawati, matundu ya vyoo, walimu wa sayansi, uzio. Mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji, makofi yanapigwa, ngoma inaingia. Aliyewahi kuhudhuria sherehe kama hizo Kharumwa, Kahama au Geita mjini anajua kwamba mara nyingi mtoto yule hakuandika hata neno moja kati ya aliyoyasoma. Mwalimu aliandika, mkuu wa shule akapitia, mtoto akakaririshwa.

Toleo hili limetengwa kwa ajili ya kazi ambayo risala haiiwezi. Risala huomba, na humzungumzia mwenyeji peke yake. Haiitaji shule ya kijiji cha pili ambako watoto wamekaa sakafuni, wala ile ya mjini yenye maktaba. Lakini shule moja haiwezi kuwa na pengo peke yake. Pengo liko kati ya shule na shule, na anayetaka kuliona hana budi kuvuka uzio. Jarida hili linataka mwanafunzi awe mwandishi wa habari wa shule: atoke kwenye shule yake aende ya jirani, ahesabu, aulize, alinganishe, na aliyoyakuta yachapishwe.

Wasomaji wengi wakisikia neno ubaguzi shuleni watakumbuka ukoloni. Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Arusha School ilijengwa miaka ya 1930 kwa watoto wa Wazungu. Iringa palikuwa na sekondari ya St Michael's and St George's, ambayo baada ya Uhuru ikageuka kuwa Mkwawa. Mwaka 1962 mfumo wa rangi ulifutwa kisheria, na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akaandika katika Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu ile iliwaandaa wachache na kuwatenga na jamii yao. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani jambo hilo liliisha.

Halikuisha. Lilibadilisha nguo. Leo mtoto wa mjini anajua tofauti ya "Kayumba", yaani shule ya kawaida ya serikali, na "English medium" kabla hajajua jedwali la mara mbili. Simama kando ya barabara Kahama au Geita saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi dogo la shule linapiga honi mbele ya geti, mtoto anapanda na begi lenye magurudumu. Nyuma ya vumbi lake wanapita watoto wenzake kwa miguu, mkono mmoja kidumu cha maji, mwingine mfagio, soksi zimeshuka. Huenda wanatoka nyumba moja ya kupanga, chumba kwa chumba.

Ungesema hilo ni la shule binafsi, na mwenye hela ana haki ya kununua. Basi tazama ndani ya shule za umma zenyewe. Olympio na Diamond za Dar es Salaam ni shule za msingi za serikali, zinafundisha kwa Kiingereza na wazazi huchangia ada. Arusha School nayo hivyo hivyo. Halmashauri kadhaa zimeufuata mtindo huo miaka ya karibuni. Sambamba nazo zipo sekondari za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Tabora. Shule hizo zina sababu zake za kuwapo. Lakini serikali moja inapoendesha milango miwili yenye majina tofauti, mtu fulani anapaswa kusimama mlangoni na kuandika nani anaingia wapi.

Kharumwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni makao makuu ya Nyang'hwale, wilaya ya Mkoa wa Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Upande mmoja uko mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Upande wa pili, ukivuka kuingia Msalala mkoani Shinyanga, iko Bulyanhulu iliyofuata mwaka 2001. Kati ya migodi hiyo watu wanalima pamba na mpunga, wanachunga ng'ombe, na wanashuka kwenye maduara wakifuata mwamba. Dhahabu imejenga shule nzuri: Sekondari ya Wasichana Nyankumbu, Geita, ilijengwa kwa fedha za mgodi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye mgodi anatakiwa kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wa kuihudumia jamii. Swali la mwanafunzi mwandishi ni dogo tu: fedha hizo ziliishia shule ipi, na kutoka hapo hadi shule isiyopata kitu ni mwendo wa dakika ngapi kwa baiskeli?

Kuna hesabu nyingine ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Chini ya utaratibu wa elimu bila ada ulioanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka. Sh 4,000 ni za vitabu, Sh 6,000 huenda shuleni. Gawanya hizo 6,000 kwa miezi 12 upate Sh 500 kwa mwezi, bei ya chapati moja stendi. Kiwango hicho ni kilekile kwa kila mtoto, awe Oysterbay ya Dar es Salaam au kijiji cha ndani kabisa cha Nyang'hwale. Kwenye karatasi huo ni usawa mtupu. Kinachotofautiana ni kile kinachowekwa juu yake: mchango wa uji unaolipika au usiolipika, twisheni ya jioni, mzazi anayeweza kumpigia simu diwani, mgodi ulio karibu au ulio mbali. Risala haiwezi kukuonyesha hayo. Habari iliyoandikwa baada ya kutembelea shule mbili inaweza.

Vivyo hivyo kwa vyoo. Mwongozo wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Msichana wa kidato cha tatu akiwa na daftari na kalamu anaweza kuhesabu matundu ya shule yake wakati wa mapumziko, akatazama foleni, akaandika ni wangapi walirudi darasani kabla zamu yao haijafika. Afisa anayekuja mara moja kwa muhula, tena kwa taarifa, hawezi kuiona foleni hiyo.

Na lugha. Mtoto wa Nyang'hwale huongea Kisukuma nyumbani, huanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza anakuta fizikia na masomo mengine mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Mwenzake aliyepita kwenye shule ya Kiingereza amekaa dawati hilohilo, anasoma ukurasa uleule, na mwalimu anawapa mtihani mmoja. Tarehe 16 Juni inayoadhimishwa kila mwaka ilitokana na wanafunzi wa Soweto kuandamana mwaka 1976 wakikataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaana. Ni ajabu kwamba siku hiyo husherehekewa shuleni kwetu bila swali la lugha kutajwa hata mara moja.

Wanafunzi kushika kalamu namna hii si jambo la kuota. New York, tangu mwaka 2017, asasi ya The Bell imekuwa ikiwafunza wanafunzi wa sekondari za umma kutengeneza podikasti iitwayo Miseducation, juu ya utengano katika shule zao wenyewe, zaidi ya miaka 60 tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha utengano wa rangi shuleni mwaka 1954. Mwaka 2019 jiji hilo lilitangaza kwamba kati ya nafasi 895 za kuingia Stuyvesant, sekondari yake ya umma inayogombewa kuliko zote, wanafunzi weusi walipata 7. Nambari hiyo ilitikisa jiji kwa sababu ilikuwa na mwenzake wa kulinganishwa naye.

Hapa nyumbani pia kuna urithi. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha jarida la Cheche, wakalichapa kwa mashine ya stensili, wakachambua matabaka ya nchi yao bila kuomba radhi. Mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Badala yake likaja MajiMaji, na humo Karim Hirji, mmoja wa wahariri wa Cheche, akachapisha uchambuzi mkali wa elimu ya shule nchini. Jarida la Fema limekuwa likifika sekondari tangu mwisho wa miaka ya 1990, na klabu zake zimewazoesha wanafunzi kuandika na kujadili. UNICEF imesaidia watoto kuendesha vipindi vya redio, Mwanza ikiwemo. Kinachokosekana ni kazi hiyo kugeuzwa macho kuelekea shule yenyewe, kwa nambari.

Hatari zipo, na jarida hili halitazificha kwa wazazi. Mwaka 2005 Wizara ya Elimu iliizuia asasi ya HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Kama taasisi yenye wanasheria ilifungiwa mlango, mtoto wa kidato cha pili anahitaji mtu mzima nyuma yake. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi wa habari awe na ithibati. Mwanafunzi hana, na asijifanye anayo. Ndiyo maana kila habari ya mwanafunzi itakayochapishwa humu itabebwa na mhariri, kwa jina na kwa dhamana. Lakini upande wa pili wa sheria usisahauliwe: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30.

Hatari kubwa zaidi ni kwa mtoto anayeandikwa. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu, baada ya kutembelea maeneo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Mwanafunzi wa ukanda huu haihitaji ripoti hiyo ili kujua. Anajua dawati la nyuma lina nafasi tangu wiki ya pili ya muhula, na anajua mwenye nafasi hiyo yuko kwenye karasha, anaponda mawe, vumbi limemjaa kope. Anaweza kuandika kwamba dawati liko wazi, na tangu lini. Jina, kijiji na picha ya rafiki yake havitaandikwa, hata kama rafiki mwenyewe amekubali.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu wa kutaja shule bora na wanafunzi bora. Uamuzi huo una mantiki: orodha ya kumi bora ilikuwa imegeuka tangazo la biashara la shule za ada kubwa. Lakini pamoja na kumi bora iliondoka pia kumi ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasumbua wakubwa. Matokeo ya kila shule bado yapo wazi kwa anayetaka kuyatafuta. Ni suala la kukaa chini na kuyasoma mawilimawili.

Habari za wanafunzi zitakazochapishwa humu zina sharti moja: lazima zitoke kwenye shule zisizopungua mbili, na kila nambari iwe imehesabiwa na mwandishi mwenyewe au imenakiliwa kutoka ubao wa matangazo wa shule, pale fomu ya mapato na matumizi ya ruzuku inapotakiwa kubandikwa. Ubao ukikutwa mtupu, hilo nalo litaandikwa, pamoja na tarehe. Wakuu wa shule watasomewa habari kabla ya kuchapwa. Majibu yao yatatoka ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.