Ikimla, Isipomla: Sataranji na Uvivu wa Wasomi

Desemba iliyopita nilikaa siku nne kwa dada yangu Al Qusais, upande wa Dubai unaopakana na Sharja. Mwanawe wa miaka 11 hufumbua mafumbo ya sataranji kwenye simu kila usiku baada ya chakula. Nilimwomba anieleze moja. Akaanza kwa Kiswahili, akakwama, akahamia Kiingereza, kisha akaniomba radhi: "Mjomba, hii kwa Kiswahili haisemeki." Shemeji, mtu wa Mombasa aliyekulia penye bao, akamuunga mkono. Kiswahili ni cha nyumbani, alisema. Mambo ya kupiga bongo yana lugha yake.

Nakataa. Tena kauli hiyo haikuzaliwa sebuleni kwa shemeji. Tumeieneza sisi wenye shahada.

Tulitazame fumbo lenyewe. Shaha mweusi amebanwa pembeni mwa ubao, vitunda vyake viwili vimemzibia mbele. Ngome yake iko safu ileile, mraba mmoja mtupu ukiwatenganisha. Farasi mweupe amesogea hadi ukingoni, na kitunda kimoja kiko tayari kumla. Malkia mweupe yuko mbali, ila njia yake ya mshazari hadi mraba ule mtupu ni nyeupe. Zamu ni ya mweupe. Silika inasema: mwokoe farasi. Jawabu ni kumtoa malkia. Nikimpeleka ubavuni mwa shaha, shaha hawezi kumla, maana farasi anaulinda mraba huo. Ngome isipomla, shaha amekwisha. Ikimla, imeziba upenyo wa mwisho wa bwana wake na kuacha kulinda pale farasi anapotaka kutua. Farasi akiruka, shaha anafia mikononi mwa watu wake. Hila hii imo katika kitabu cha Lucena kilichochapwa Salamanca mwaka 1497.

Nimepungukiwa na neno gani? Hesabu yote imebebwa na -ki- na -sipo-, na ningetaka kueleza kosa la kumwokoa farasi, -nge- iko tayari. Tamko moja, "ikimla", lina sharti, mtenda, mtendwa na tendo. Sijui ni chombo gani kingine mchezaji angekitamani.

Watasema mchezo ni wa kigeni. Kwa nani? Shaha ni neno la Kiajemi, na jina la mchezo huu kwa Kiingereza limechimbuka humohumo. Wachezaji wa Baghdad, akina al-Adli na as-Suli, walikuwa wakikusanya mafumbo yake, mansubat, katika karne ya 9 na ya 10. Jina sataranji lilitufikia kwa bahari hiyohiyo, na cheo cha shaha tukampa bingwa wa malenga, mtu ambaye kazi yake moja ni kufumba na kufumbua. Na bao je? Mashimo 32, kete 64, kunamua kwanza kisha mtaji, na mzee anayeona mwisho wa mzunguko kabla hajagusa kete. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitetea tasnifu Leiden juu ya umahiri wa mabingwa hao wa Zanzibar. Mgeni aliona hapo pana akili ya kutafitiwa. Sisi tunaona wazee wa barazani.

Nisijitoe. Tasnifu yangu juu ya ushairi wa Kiswahili niliiandika kwa Kiingereza, Ulaya, kwa kuwa watahini walitaka hivyo. Hilo nalikubali. Lakini miaka mingi imepita, na hakuna sura hata moja niliyoiandika upya kwa lugha ya washairi wenyewe. Hapo hakuna mtahini wa kumlaumu. Tunakutana makongamanoni kulia kwamba Kiswahili hakina istilahi, halafu tunarudi ofisini kuandika makala ambazo istilahi hizo zingezaliwa humo, kwa lugha nyingine.

Mapengo yapo, sikatai. Kete isiyothubutu kuondoka kwa sababu shaha wake atafichuka, bado hatujaafikiana kuiita nini. Usiku wa pili nilimwambia mtoto tuseme "imefungwa", basi. Alikunja uso, akajaribu. Usiku wa nne alikuwa ameinamia fumbo jingine, akauliza bila kuinua kichwa: "Mjomba, hapa ngome ikinila?"

Sikuwahi kujibu. Shemeji, aliyekuwa akimimina kahawa, aliinama juu ya bega lake akatazama kwa muda.

"Haiwezi," alisema. "Imefungwa. Hebu sogea nikae."